Kasisi Aliyelitia Turbo Gari la Maiti

Yanai alipokuwa fundi wa injini za magari ya mbio kule uwanja wa Fuji, wenzake walimwita Kasisi, kwa kuwa alizaliwa hekaluni, mtoto wa kasisi. Aliporudi kwao kuwa kasisi wa hekalu, waumini wakamwita Fundi. Maskini, umri wake wote hakuwahi kuitwa kwa kazi aliyokuwa akiifanya.

Na kwa kweli hakupaswa kuwa kasisi hata kidogo. Hekalu lilikuwa fungu la kaka yake mkubwa, na huyo alikuwa ameshanyoa kichwa, ameshazijua sala zote, na hata sauti alikuwa nayo, nzito, ya kutuliza wafiwa. Kisha akaenda Hokkaido, kaskazini ya mbali, kupumzika kidogo, akampenda mjane mmoja mwenye nyumba ya wageni, akapiga simu kusema kwamba harudi, wamwombee heri. Majira yale yale ya baridi baba yao akafariki. Mama yao, Bi Kiyono, akaipigia simu gereji ya timu, na Yanai akaenda kuipokea akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Baba yako hatunaye," mama akasema. "Nyoa nywele uje."

"Mama, Jumapili tuna mashindano."

"Na huku tuna mazishi. Nani atamsomea baba yako? Injini?"

Akanyoa, akaja. Lakini moyo wake ulibaki Fuji. Hiyo ilikuwa miaka ya turbo, na ambaye hakuwepo hawezi kujua. Turbo yenyewe ni kidude tu chenye umbo la konokono, hakizidi kichwa cha mtoto. Moshi unaotoka kwenye injini unakizungusha, nacho kinaisukumia injini hewa ya kupita kiasi, basi injini inashiba na kupata wazimu. Yanai alikuwa amezitengeneza injini ambazo uhai wake ulikuwa wa mizunguko michache tu ya uwanja, zikishatoa roho yao yote zinatupwa. Alichokipenda zaidi si ule mwendo. Alipenda kile kitambo kidogo kabla yake: dereva anakanyaga, hakuna kitu, gari linatembea kama limesahau, unashika pumzi, na ghafla konokono anaamka na gari linaruka kama limechomwa na pasi. Miezi aliyokaa milimani akisomea ukasisi, wenzake wakifumba macho na kutafuta utulivu, Yanai alifumba macho na kuusikia mluzi wa turbo.

Alirudi kijijini na gari moja jeupe la zamani na makasha ya vyuma, akayapanga kwenye ghala nyuma ya kengele ya hekalu. Bi Kiyono alidhani ni vyombo vya ibada alivyopewa chuoni. Siku moja Yanai akaingia kusali asubuhi, akakuta ganda la turbo limewekwa madhabahuni, limetiwa maji na maua ya manjano.

"Mama, hiki ni chuma cha injini!"

"Kinashika maua vizuri kuliko kile chombo cha babu yako. Kiache hapo hapo."

Kikaachwa. Tatizo lilikuwa masikio ya Yanai, yaliyokataa kabisa kuwa masikio ya kasisi. Angekuwa katikati ya sala, wafiwa wamepiga magoti, gari lipite barabarani, naye kichwa kiinamie upande kama cha kuku anayesikiliza mvua. Sala ikiisha, angemsogelea mfiwa na kumwambia kwa upole: "Poleni sana kwa msiba. Na ule mkanda wa feni ya gari lako hautafika kesho kutwa."

Mzee Kakinuma hakuyapenda haya. Huyu alikuwa mkulima wa mapeasi na mwenyekiti wa waumini, mtu aliyenyooka kama mpini wa jembe, ambaye hata akicheka ungedhani anasafisha koo. "Kasisi," alimwambia mara moja baada ya ibada, "watu wanakuja hapa na huzuni zao. Hawakuja gereji."

"Nimekusikia, Mzee."

"Umenisikia, au umesikia injini ya trekta langu?"

Yanai akainama kwa heshima. Alikuwa amesikia vyote viwili, na trekta lilihitaji plagi mpya.

Mtu aliyemwelewa alikuwa Haga, aliyesoma naye darasa moja, ambaye alirithi kazi ya mazishi kwa baba yake na mwenyewe ndiye aliyeliendesha gari la maiti. Nalo lilikuwa gari hasa! Jeusi, refu, na mgongoni limebebeshwa paa zima la mbao lililochongwa madragoni na maua ya yungiyungi, likapakwa rangi ya dhahabu mpaka linaumiza macho. Lilikuwa na uzito wa kibanda. Mahali pa kuchomea maiti palikuwa juu ya kilima, njia yenye kona na mwinuko mkali, na kila mazishi yalikuwa aibu kwa Haga. Angelikanyaga pedali tangu bondeni mpaka mguu ugonge sakafu, na gari lingekwea likikohoa, basi la wafiwa likifuata nyuma na kuumeza moshi wote. Mara moja, msafara ukiwa umejaa watu wenye majonzi, mama mmoja aliyebeba vitunguu kwenye baiskeli aliwapita akisema "samahani, samahani".

Haga akaja hekaluni mchana mmoja, akakaa kwenye ngazi, akavua kofia.

"Yule msimamizi wa tanuri kanigombeza tena mbele ya wafiwa," akasema. "Ati kila siku nachelewa, familia inayofuata inangoja. Nimwambie nini? Nimwambie marehemu alikuwa mnene?"

"Tatizo ni injini haipumui," Yanai akasema. Hata yeye alijishangaa kwa jinsi alivyojibu haraka.

"Haipumui vipi?"

"Inahitaji hewa. Kidogo tu."

Wakatazamana. Walikuwa wamejuana tangu wakiwa na meno ya utoto, wala hawakuhitaji maneno mengi.

"Bwana wee," Haga akasema, "hilo ni gari la maiti."

"Ndiyo maana nikasema kidogo tu."

Wiki nzima ya kiangazi, wakati kijiji hakikuwa na msiba, gari la maiti lilikaa nyuma ya hekalu limefunuliwa boneti. Yanai alipinda mabomba, akachomelea, akapima, akafungua na kufunga, huku majoho yake ya kikasisi yakining'inia kwenye tawi. Tangu arudi kijijini mama yake hakuwahi kumwona hivyo. Alikuwa akiimba. Bi Kiyono akamletea chai na figili za kuchachua, akasimama akitazama.

"Unalifanya nini gari la watu?"

"Nalisaidia kupanda mlima, Mama."

"Msichana gani atakubali kuolewa na kasisi mwenye kucha kama hizo?" akasema, akaondoka. Lakini siku iliyofuata alileta chai tena, na safari hii alibaki mpaka ikapoa.

Lilipokamilika, Yanai alilijaribu mwenyewe, tupu, akikanyaga kwa mguu wa kistaarabu. Likapanda kilima taratibu na bila kukohoa, heshima tupu. Ingekuwa vizuri kama angeishia hapo. Lakini kulikuwa na skrubu moja inayoamua turbo isukume hewa kiasi gani, na Yanai akaikaza kidogo. Kilikuwa kidogo cha mtu wa Fuji.

"Kanyaga polepole," alimwonya Haga akimrudishia ufunguo. "Siyo kama zamani. Unakanyaga kidogo, unangoja, inakuja yenyewe."

"Nangoja, inakuja yenyewe," Haga akarudia, kama mwanafunzi mwema.

Mtu wa kwanza kufa baada ya hapo alikuwa Bibi Tome, mama mzazi wa Mzee Kakinuma.

Bibi Tome alikuwa amekula chumvi nyingi, na umri wake wote alikuwa na haraka. Alikula wima. Alichuma mapeasi kwa mikono yote miwili huku akiwagombeza wanaotumia mmoja. Neno lake kuu kuhusu ukoo alioolewa lilikuwa kwamba wanaume wa kina Kakinuma wangechelewa hata kwenye mazishi yao wenyewe. Yanai aliposikia ni nani aliyefariki, alizihesabu kona za kile kilima kwa vidole. Akawaza kumwambia Haga atafute gari la kuazima. Akawaza kuirudisha ile skrubu. Lakini sala za mkesha zilikuwa nyingi, wageni wengi, na gari tayari lilikuwa limeoshwa na kupambwa mbele ya nyumba ya Kakinuma.

Siku ya mazishi msafara ukaondoka kwa utaratibu. Mbele gari la maiti, Haga kwenye usukani na glavu nyeupe, pembeni yake Mzee Kakinuma amekumbatia kibao cha ukumbusho chenye jina la mama yake. Nyuma basi dogo la wafiwa, na Yanai amekaa kiti cha mbele, tasbihi mkononi, karibu na Bibi Suwa, mdogo wake marehemu, kikongwe aliyejikunja kama kamba wa kuchemsha lakini mwenye macho makali.

Tambarare yote mambo yalikwenda vizuri. Yanai akaanza kupumua. Kisha wakafika chini ya kilima, na Haga, aliyepanda kilima hicho kwa mtindo mmoja tangu alipopata leseni, mguu wake ukafanya ulichokizoea. Akakanyaga mpaka sakafuni.

Kwanza, hakuna kitu. Gari likaendelea kutembea kwa upole kama limesahau.

Yanai akashika pumzi. Alikuwa anakijua kitambo hicho kuliko alivyoijua sala yoyote. "Haga," akanong'ona kwenye kioo, "Haga, ndugu yangu, ondoa mguu."

Kisha ukaja mluzi. Mwembamba, mtamu, ukipanda juu kama birika linaloanza kuchemka. Na gari la maiti, na madragoni yake yote ya dhahabu, likachutama nyuma, likainua pua, likaondoka.

"He!" Bibi Suwa akasema. "Dada kaenda wapi?"

Likaingia kona ya kwanza huku paa likilalia upande, moshi ukalipuka nyuma, paa! paa!, likapotea nyuma ya miti. Kisha Bibi Suwa akaupiga mgongo wa kiti cha dereva kwa mkongojo.

"Unangoja nini wewe? Fuata! Dada yangu anatuacha!"

"Bibi, hili ni basi!"

"Nami ni kizee, mbona nimekuja?"

Dereva akafanya alichoweza. Kwenye kona ya pili walimpita askari wa barabarani. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba alisikia kitu kinakuja kwa kasi, akatoka na filimbi mdomoni, akaona ni gari la maiti, na kwa heshima akavua kofia na kuinama. Alipoinua kichwa hapakuwa na kitu barabarani ila harufu ya petroli. Akabaki ameshika kofia, hajui aandike nini.

Yanai, kwa upande wake, alikuwa katika hali ambayo hakuwahi kuisimulia kwa mtu ila mama yake. Mdomo wake ulikuwa ukisoma sala kwa kasi yote, akiomba Haga asife, na Mzee Kakinuma asife, na Bibi Tome asianguke. Lakini masikio yake, yale masikio yaliyolaaniwa, yalikuwa yanafuata mluzi kule juu, kona kwa kona, na kuona kwamba hewa inaingia safi, mchanganyiko ni sawa, kazi ni nzuri. Machozi yakamtoka. Bibi Suwa akampa kitambaa, akidhani ni ya msiba.

Walipofika juu, gari la maiti lilikuwa limesimama mbele ya mlango, limenyooka kabisa mahali pake, likitoa mvuke. Haga alikuwa bado ameushika usukani na hakuna aliyeweza kumbandua vidole. Msimamizi wa tanuri, aliyezoea kugombeza, alikuwa amesimama na bakuli la tambi mkononi na tambi moja ikimning'inia kidevuni. "Mbona mmewahi hivi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Waliotangulia hawajamaliza."

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, Mzee Kakinuma akashuka. Kibao cha mama yake kilikuwa kifuani, hakina hata mkwaruzo. Tai yake nyeusi ilikuwa mgongoni. Akamtazama Yanai, aliyekuwa anashuka kwenye basi.

"Kasisi. Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee. Haga hana kosa."

"Tutazungumza hekaluni," Mzee akasema. Akairudisha tai mbele, akaingia ndani.

Mkutano wa waumini uliitwa Jumapili. Ukumbi ulijaa kuliko sikukuu. Watu wasiokanyaga hekaluni tangu harusi zao walikuja, wakakaa mbele kabisa. Bi Kiyono aligawa chai bila kumtazama mtu. Yanai alipiga magoti katikati, paji la uso limegusa mkeka, akasema yote: mabomba, turbo, na ile skrubu. Akasema kwamba alikuwa mpumbavu, na kwamba kama wanataka kasisi mwingine, ataelewa.

Mwenye duka la mchele akasema ni aibu. Mwingine akasema watu wa vijiji vya jirani wanacheka. Mwingine akasema jambo moja tu halieleweki. Kasi ilikuwa kiasi gani hasa? Hapo watu wakageuka wote kumtazama Mzee Kakinuma.

Mzee akasafisha koo mara mbili.

"Kwenye kona ya kwanza," akasema, "nilidhani nakufa, nikakasirika. Kwenye kona ya pili nikasikia mtu anapiga kelele, 'Mama, shikilia!' Nikashangaa ni nani. Kumbe ni mimi." Akaviangalia viganja vyake. "Mama alinigombeza umri wangu wote kwamba nachelewa. Nyinyi mnajua. Juzi, kwa mara ya kwanza, tumefika mahali mapema, mimi na yeye. Nilikaa mle garini mlango umefungwa, nikamwambia, 'Mama, umeona?'" Mabega yakaanza kumtikisika. Wote wakainamisha vichwa kwa huzuni, mpaka Bibi Suwa aliposema kwa sauti, "Huyu halii. Anacheka!" Na kweli alikuwa anacheka, kwa sauti ambayo haikufanana na kusafisha koo hata kidogo, na kicheko kikaruka kutoka mkeka hadi mkeka mpaka chai zikamwagika.

Hata hivyo mkutano uliamua turbo itolewe. Marehemu wana haki ya kwenda kwa utulivu, Mzee alisema, na si kila mtu ni Bibi Tome. Haga ndiye aliyekubali upesi kuliko wote. Alikuwa hajalishika gari tangu siku ile. Mzee mmoja nyuma akainua mkono, akauliza kama haiwezekani wangoje kidogo, kwa sababu daktari amemwambia haitakuwa muda mrefu. Akaambiwa akae chini.

Watu walipotawanyika, Mzee Kakinuma alibaki akivaa viatu polepole.

"Sasa kile kidude utakipeleka wapi?"

"Nitakitia kwenye gari langu jeupe, Mzee. Halafu nitaliuza."

"Kwa nini uliuze?"

Tangu baba yake afariki hakuna aliyewahi kumuuliza Yanai swali hilo, hata yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Uwanja wa mbio wa Tsukuba uko hapo karibu," Mzee akasema, akitazama viatu. "Jumapili zisizo na ibada hekaluni."

Hivyo ndivyo hekalu lilivyopata timu ya mbio. Haga alileta matairi, na kwa kuwa ni yeye aliyeyaleta, alitaka jina la kampuni yake liandikwe mbele ya boneti kwa herufi kubwa: MAZISHI YA HAGA, TUKO TAYARI WAKATI WOWOTE. Mzee Kakinuma alishika saa ya kupimia. Bi Kiyono alikuja kwa kigari chake, na wali uliofungwa kwa mwani, akasema amekuja kuleta chakula tu, akakaa mstari wa mbele.

Yanai hakuwa dereva mzuri, na watazamaji wote walilijua hilo kufikia kona ya tatu. Lakini injini ilikuwa injini. Kwenye njia iliyonyooka ule mluzi ulipoamka, madereva wa mbele walitazama kwenye vioo vyao, wakaona kichwa kilichonyolewa ndani ya gari jeupe na kampuni ya mazishi inawajia kwa kasi ile, wakapisha mmoja mmoja. Mmoja alipisha mpaka kwenye nyasi.

Aliwapita watano kwa namna hiyo, kisha akaikosa kona na kuingia kwenye kokoto, akabaki amekwama mpaka mwisho. Alipotoka alikuwa na vumbi hadi kwenye meno, na anacheka peke yake. Mzee Kakinuma alikuwa amesimama kwenye ukuta akipiga kelele na kutikisa mikono yote miwili; saa ya kupimia alikuwa ameisahau kabisa, hakuibonyeza hata mara moja.

"Umeona, Mama?" Yanai akauliza, akivua kofia ya chuma.

Bi Kiyono akampangusa mwanawe vumbi utosini kwa kitambaa cha kufungia wali.

"Nimeona umewapita," akasema. "Kula upesi. Saa tisa una ibada kwa mwenye duka la mchele, na huko uende na gari langu."